Nilivyoosha Injini Tukienda Tala

Nyinyi wamama wa kikundi mmeniuliza Alhamisi tatu mfululizo: Mama Kyalo, ilikuwaje mkatoka Kathiani asubuhi kwenda Tala, halafu saa sita mchana watu wakawaona mnapita tena hapa hapa mbele ya geti yenu? Nimechoka kusimulia, kwa sababu kila nikianza Mama Ndunge anacheka kabla sijafika mahali pa kucheka. Kwa hivyo nimekaa chini nimeandika. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini lile la zamani, la fimbo. Someni pole pole, na Mama Ndunge asome mwisho.

Kabla ya kutoka

Mnajua Kyalo wangu na bibi yake Mueni wamepata msichana, mtoto wao wa kwanza. Na kwetu, sihitaji kuwaambia, msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba. Huyo ni mimi. Syombua. Hapo hakukuwa na kitu cha kujadili.

Lakini Mueni alipotoka hospitali hakuletwa kwangu. Alipelekwa Tala kwa mama yake, eti huko kuna maji ya mfereji na nyumba haiingii baridi. Mama yake anaitwa Katunge. Ni mjane, umri wake ni kama wangu, ako na nyumba ya mawe na gari ndogo nyeupe ambayo anaendesha mwenyewe akiwa amevaa miwani ya jua. Sina ubaya naye. Ni vile picha zilianza kuja kwa simu ya Mzee wangu. Ya kwanza, Katunge ameshika mtoto. Ya pili, Katunge anaogesha mtoto. Ya tatu, mtoto amelala kwa kifua cha Katunge, na Katunge amefumba macho kama mtu amepokea sakramenti. Nilimrudishia Mzee simu nikamwambia macho yananiuma.

Halafu Kyalo akapiga. Akasema Jumamosi saa nane kutakuwa na maombi huko Tala, katekista atakuja, na jina la mtoto litasemwa hapo. Nikamuuliza ni nani atalisema. Akasema ni mwenye nyumba, kwa kuwa mtoto amelala kwake. Nikamuuliza, huyo mwenye nyumba atasema jina gani?

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Si wewe utakuwa hapo, Mama?"

Huko kunyamaza kidogo ndiko kulininyima raha wiki nzima. Nikajipangia hivi: nikiwa nimekaa mbele ya Katunge, macho kwa macho, hawezi kuruka jina langu. Nisipokuwa hapo, mtoto ataitwa Katunge, na jina likishaombewa hakuna wa kuliondoa. Safari yote ilikuwa ni hiyo. Ule unga wa wimbi wa uji wa Mueni, zile avokado gunia nzima, lile beberu la supu, na ile shali nyeupe ya mtoto niliyonunua ikiwa ndani ya plastiki yake, vyote vilikuwa vya kunisindikiza tu.

Sasa nikubali kosa langu mapema, msije mkasema nilificha. Pikapu ya Mzee ni kubwa kwa umri kuliko Kyalo. Nje anaiosha kila Jumamosi, lakini chini ya boneti maji hayaruhusiwi. Anapanguza na kitambaa, basi. Ijumaa jioni alienda kuchukua beberu kwa ndugu yake, nami nikabaki nikifikiria ile gari nyeupe. Nikaona vile tutafika Tala, wanaume watazunguka pikapu na kufungua boneti kama wanavyopenda, waone mafuta na vumbi ya miaka yote hiyo, na Katunge amesimama hapo na miwani yake. Nikachukua ndoo mbili za maji, sabuni ya unga na brashi ya viatu. Nilisugua ile injini kama sufuria ya harusi. Kulikuwa na kakofia keusi kametoka waya tano kama miguu ya buibui, kameshikwa na klipu mbili. Hako nako nikakafungua, nikakatia sabuni ndani. Ndipo nikasikia beberu likilia njiani. Sikupata hata wakati wa kukasuza vizuri. Nikakarudisha na povu yake, nikafunga boneti, nikaenda kumpokea Mzee kama mtu aliyekuwa anachambua maharagwe.

Kathiani mpaka Machakos, ambako hatukuwa tunaenda

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Pikapu ilikataa mara tatu. Mara ya nne ikawaka, lakini iliwaka vibaya. Ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na huku nyuma kwa ekzosi inatema, pu, pu, halafu inanyamaza, halafu pu. Ukifungua dirisha unasikia harufu ya petroli ambayo haijaungua.

"Inamisi," Mzee akasema, maana yake inawaka kwa kurukaruka.

Alishuka, akafungua boneti. Akaona. Ile injini ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani. Akaitazama, akanitazama mimi. Mimi nikatazama beberu.

"Kyalo alipanguza injini alipokuja Pasaka?" akaniuliza.

Nikamwambia huenda.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa wa neno moja tu. Mzee alisema ni petroli mbaya, kwamba ikiungua yote itatulia. Tukaenda. Lakini mnajua kile kilima cha kuelekea upande wa Kangundo na Tala. Tulifika nusu, pikapu ikashindwa, ikaanza kurudi nyuma na beberu limejibana kwa kona. Mzee akakanyaga breki. Akafikiria. Akasema kupanda haiwezekani, lakini kuteremka inawezekana, na kuteremka ni Machakos, na Machakos kuna mafundi. Ndivyo safari ya Tala ilianza kwa kuipatia Tala mgongo.

Njia nzima nilikuwa nimeshika shali yangu kwenye mapaja, nikihesabu saa.

Machakos mjini

Fundi anaitwa Nzioka, mtu mnene, anafanya kazi nyuma ya mahali wanauza mbao. Alisikiliza injini kwanza akiwa ameinamisha kichwa, kama daktari. Kisha akafungua boneti, na hapo akasimama wima.

"Mzee, nimeshika magari mengi," akasema, "lakini hii umri wake na usafi wake haviendani. Hii inapendwa."

Nilimwangalia Mzee wangu. Miaka arobaini na moja nimeolewa na huyo mtu, na sijawahi kumwona akipokea sifa ambayo si yake. Siku hiyo alivuta kofia kidogo, akakohoa, akasema, "Mimi huipanguza mwenyewe."

Nilihisi wivu, kweli ya Mungu. Usafi ulikuwa wangu. Mikono yangu ndiyo ilikuwa imekauka na sabuni. Na sasa sifa inaenda kwa Mzee, na siwezi kuidai bila kujitia kwa shida. Nikanyamaza, na kutoka hapo tukawa wawili tunaofichana kitu kimoja.

Nzioka alitoa plagi zote nne. Mbili zilikuwa kavu na rangi ya kahawia, mbili zilikuwa nyeusi na zimelowa petroli. Akasema plagi zimechoka, hata asiulizwe. Akamtuma mtu kutafuta mpya, na huyo mtu akapotea zaidi ya saa moja.

Tukiwa tunangoja tulienda kula kwa hoteli ya Msomali mmoja karibu na soko. Tuliagiza wali na nyama ya mbuzi. Zikaja sahani mbili kubwa, nyama laini, na juu ya kila moja ndizi mbivu nzima, haijamenywa vizuri. Nikamwita mwenye hoteli nikamwambia kuna mtu amesahau ndizi zake kwa chakula yetu. Akacheka, mtu mpole, ndevu zimepakwa hina. Akaniambia, "Mama, hiyo ni yako. Unakata, unakula na wali." Nikamwambia mimi si mtoto, ndizi nitakula baadaye. Nikaitia kwa mkoba.

Mzee alikata yake, akachanganya na wali, akala, akafunga macho. Akasema hajawahi kula wali mtamu hivyo. Mnasikia? Nimempikia huyo mtu tangu tuko vijana, muthokoi, ndengu, wali wa Krismasi, na leo ndizi ya mgeni ndiyo inamfunga macho.

Hapo hapo simu yake ikalia. Ilikuwa Katunge. Yeye hanipigii mimi, anapigia Mzee, eti simu yangu haishiki. Nilisikia sauti yake ikitoka kwa simu: "Baba Kyalo, mko wapi? Tumewapikia." Mzee akamweleza gari inamisi. Halafu akaanza kumweleza mambo ya plagi, moja kavu, nyingine imelowa, na mimi nikashangaa, kwa nini anamwambia huyo mwanamke mambo ya plagi? Na mwanamke alikuwa anajibu. Anauliza maswali. Mzee anasema, "Ehe, ya tatu na ya nne. Ulijuaje?" Akacheka. Hajanichekea namna hiyo tangu Kyalo akiwa shule ya msingi.

Alipokata simu nikamuuliza wanaongea nini.

"Anasema nichunguze kofia ya distributa," akasema.

"Kofia gani?"

"Ile nyeusi ya waya tano."

Nilijua ile kofia. Niliijua kuliko Katunge. Nikamwambia Mzee kwamba fundi ni Nzioka, si mwanamke wa Tala, na kama anataka kutengenezewa gari kwa simu basi aende aishi kwa simu. Mzee hapendi kelele hotelini. Akaweka simu mfukoni, na hakumwambia Nzioka kuhusu kofia. Hilo mniandikie, ni langu.

Plagi mpya ziliingia. Na kwa kuwa injini ilikuwa imekaa juani na imepata moto, ikawaka vizuri. Ilinguruma sawa sawa. Mzee akampa Nzioka mkono. Saa tano tukatoka Machakos, na nikafungua plastiki ya shali kidogo nikainusa, nikasema moyoni, Katunge, ninakuja.

Mbele ya geti yetu

Hapa ndipo mlituona.

Tulipoanza kupanda tukaingia kwa manyunyu, yale ya milimani ambayo hata si mvua. Pikapu ikaanza tena. Pu, pu. Ilipofika mbele ya geti yetu ilikuwa inatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mama Ndunge alikuwa amesimama kando ya barabara na kuni kichwani. Alituona tukitokea upande wa Machakos, wakati asubuhi alituaga tukienda Tala.

"Mmesharudi?" akauliza. "Jina ni nani?"

Nikamwambia hatujafika.

"Lakini mnatoka wapi?"

Nikamwambia Mzee akanyage mafuta. Mzee akakanyaga, injini ikatema moshi, na Mama Ndunge akabaki ndani ya moshi akicheka. Hiyo ndiyo ile kicheko mmesikia kila Alhamisi.

Kile kilima cha asubuhi tulikipanda kwa gia ya kwanza, beberu likilia nyuma, avokado zikigongana. Mzee alikuwa akiongea na gari, akiibembeleza, mama, twende mama, kidogo tu mama. Mimi hajawahi kunibembeleza nikipanda hicho kilima na mtungi wa maji.

Kangundo

Kangundo tulipata fundi mwingine, Wambua, mzee wa kutengeneza vinu vya kusaga na chochote chenye injini. Naye akafungua boneti, naye akasema injini ni safi ajabu. Naye Mzee akasema, "Mimi huipanguza mwenyewe," lakini safari hii alisema akinitazama kando ya jicho. Nilikuwa ninakula ile ndizi. Ilikuwa tamu, nitakubali.

Wambua akauliza swali ambalo Nzioka hakuuliza. "Hii gari imepitia maji? Mto? Au imeoshwa ndani?"

Nilisikia kuku wa Wambua wakikwaruza chini.

Mzee akasema, "Maji mimi siweki."

Na alikuwa anasema ukweli, hayo ndiyo mabaya yake. Mimi ndiye nilikuwa na jibu na nikalitafuna pamoja na ndizi. Kwa nini? Kwa sababu ningesema nimeosha, wangeniuliza ni kwa nini niliosha. Na nikisema ni kwa sababu ya gari nyeupe ya mkwe, hiyo ingefika Tala kabla yetu.

Basi Wambua akasema kama si maji ni uchafu kwa kabureta. Akaifungua yote. Akatoa vidude vidogo, akavipuliza na mdomo, akavipanga juu ya gazeti. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikitazama barabara ya Tala, kila gari nyeupe ikipita moyo unaruka. Saa nane ikafika, ile saa ya maombi, na Wambua bado anatafuta springi moja ndogo kwenye nyasi. Beberu, tulilokuwa tumelishusha lile nyasi, ndilo lilikuwa limeikanyaga. Nikaona kabisa mbele ya macho yangu: Katunge amesimama, mtoto amefungwa kwa nguo yake, watu wameinamisha vichwa, na mdomo wake unafunguka.

Pikapu ilipowaka, ikawaka vizuri, maana ilikuwa imekauka tena. Mzee akasema, kumbe ilikuwa kabureta. Kwa mbali tu nilikuwa naona wingu jeusi juu ya barabara ya Tala.

Kati ya Kangundo na Tala

Ilizima kabisa kabla ya Tala, kwenye mwinuko mdogo, mvua ikinyesha pole pole. Mzee akajaribu mpaka betri ikaanza kulia kama ndama. Halafu akakaa, mikono kwa usukani. Akasema yeye ameshindwa. Akatoa simu.

Nilimwomba asipige. Nikamwambia tutembee. Akaniuliza, na beberu? Akapiga.

Haikuchukua robo saa. Gari nyeupe ikaja, ikageuka barabarani mara moja tu, bila kwenda mbele na nyuma kama wengine, ikasimama. Katunge akashuka. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kipya cha kichwa, cha bluu, na viatu vya mpira vya shamba. Miwani hakuwa nayo. Akatusalimia, Mama Kyalo, Baba Kyalo, poleni na safari. Nilimuuliza kitu kimoja tu: kama maombi yameisha.

"Yataishaje na hamjafika?" akasema. "Katekista nimempa chai ya tatu. Ameambiwa hatoki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lingine.

Kumbe huyo mwanamke, kabla ya nyumba ya mawe, aliendesha pikapu ya nyanya miaka mingi, usiku kwa usiku, yeye na marehemu, akiharibikiwa njiani na kujitengenezea. Sikujua. Hakuna mtu aliniambia, au niliambiwa na sikutaka kusikia. Aliomba Mzee ajaribu kuwasha huku yeye amefunga mikono na mfuko wa plastiki. Injini ikashika, ikitetemeka. Akaanza kutoa waya za plagi, moja moja. Akatoa ya kwanza, injini ikazama, karibu izime. Akairudisha. "Hiyo inafanya kazi," akasema. Ya pili, ikazama. Akairudisha. Ya tatu akatoa, na injini haikujua kitu. Ya nne, hivyo hivyo.

"Mbili zimekufa," akasema, "na ni zile zinakaa jirani kwa kofia. Nilikwambia asubuhi, Baba Kyalo."

Mzee alisogea kuona, akashika mahali hapafai, akapigwa na umeme mpaka kofia yake ikaruka. Katunge alicheka, Mzee akacheka, na mimi nikawa nimesimama kwa mvua kama mtu aliyekodishwa. Vile Mzee alikuwa anamwangalia! Sio kwa ubaya, hapana. Ilikuwa vile anaangalia pikapu.

Katunge akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Nani ameosha hii injini na sabuni?"

Mzee akaokota kofia yake, akaanza kuipangusa. Alikuwa amesema mara mbili kwamba ni yeye anaipanguza. Angesema nini?

"Nauliza kwa sababu," Katunge akasema, "kama imeoshwa, nafungua hapa, tunakausha, tunaenda. Kama haijaoshwa, basi shida iko ndani, hatuna la kufanya. Tuiache hapa, muingie kwa gari yangu, twende."

Muingie kwa gari yangu. Niliiangalia ile gari, na viti vyake vyenye vitambaa. Nilijiona nikishuka kwayo mbele ya katekista na wanawake wote wa Tala, nimeletwa kama mzigo na mwanamke ambaye nimekuja kumlinda asiniruke. Na pikapu ya Mzee imeachwa kwa mvua kwa kosa langu. Nikasema:

"Ni mimi. Nilifungua hiyo kofia nikaiosha. Sikuisuza."

Mzee akaniangalia. "Syombua," akasema. Hilo tu. Huniita jina langu mara chache sana.

Katunge hakunikemea. Aliniuliza kwa nini, na nilikuwa nimechoka kufikiria uongo mwingine. Nikamwambia ni kwa sababu gari yake ni nyeupe.

Halafu akafungua zile klipu mbili, akageuza kofia. Ndani kulikuwa na ukoko wa sabuni umekauka, na juu yake unyevu, na kati ya vidole viwili vya chuma mstari mwembamba mweusi. Akasema moto unapita hapo badala ya kwenda kwa plagi, na kila ukipata unyevu unapita zaidi. Akakwaruza na kibanio cha nywele. Kisha akatafuta kitambaa kikavu. Cha Mzee kilikuwa kimelowa mafuta. Leso yangu ilikuwa imelowa mvua. Akainua mkono kufungua kile kitambaa chake kipya cha bluu.

Hapo nikaona. Atavua kitambaa cha kichwa, atafika nyumbani kichwa wazi, na wote wataambiwa alivyojitolea. Hilo pia awe nalo? Nilifungua plastiki haraka nikatoa shali nyeupe ya mtoto, nikamsukumia.

"Chukua hii."

"Hii ni ya mtoto, mkwe."

"Panguza."

Akaniangalia, akapanguza. Shali ilikunywa ile sabuni na ule weusi. Pikapu ikawaka mara moja, na ikanguruma vile ilivyokuwa inanguruma Kyalo akiwa mtoto. Katunge akamwambia Mzee anunue kofia mpya akifika Machakos, hii imeshaumia. Akamwambia mimi nikiwa hapo hapo, "Na usimgombeze. Mimi nimeosha nyumba siku tatu nikisikia mnakuja na beberu."

Tala

Tulifika mbele, yeye akatufuata nyuma. Aliendesha pole pole makusudi, nilimwona kwa kioo.

Nyumba ilijaa watu. Nilipewa kiti cha mbele, macho kwa macho kama nilivyopanga. Mueni alinisalimia, Kyalo akanishika bega. Unga wa wimbi ukapokewa, avokado zikasifiwa, beberu likafungwa kwa mti na likaanza kula maua ya Katunge, na sikulizuia. Wakanipa mtoto. Mdogo, uso umekunjamana, nywele nyingi. Nilimtazama sana. Akafungua mdomo akalia, akalia mpaka akabadilika rangi. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamtikisa. Katunge alikuwa ametoka kunawa mikono. Akasema neno moja tu akiwa mlangoni, na mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kutafuta ile sauti.

Mtoto wa siku tisa.

Katekista akaomba. Kisha mwenye nyumba akasimama na mtoto mikononi. Nilimwangalia mdomo. Sikuangalia kitu kingine chumba kizima.

"Huyu anaitwa Syombua," akasema. "Susu wake, huyu nyanya yake, ametoka asubuhi akapigana na barabara mpaka amefika. Asiyeitwa jina la mtu kama huyo aitwe la nani?"

Watu wakapiga makofi. Jina nililipata, limeombewa, hakuna wa kuliondoa. Nikangoja nifurahi, na nilifurahi, sitadanganya. Lakini Syombua mdogo aliendelea kulala kwa bega la Katunge, mdomo wazi, mate yakishuka kwa nguo ya kanisani, na Katunge wala hakupangusa.

Ile shali nimefua mara nne, weusi hautoki. Mzee anasema niwapelekee hivyo hivyo, mtoto hajui doa. Pikapu imewekwa kofia mpya. Wiki iliyopita ilikohoa kidogo, na Mzee akaanza kutafuta simu. Nilimwambia aiweke chini. Nikafunga mikono na mfuko wa plastiki, nikatoa waya ya kwanza mimi mwenyewe, injini ikazama. Nikatoa ya pili.

Jumamosi tunaenda Tala tena. Nitabaki huko wiki nzima, nimeshamwambia Katunge aniandalie kitanda karibu na cha mtoto. Mtoto anahitaji kujua sauti yangu pia. Na boneti sijaigusa na maji.